Mapafu yalichoka, kalamu haikuchoka

Steve Gerber, mwandishi wa Marekani, aliandika vitabu vya katuni vya mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini vyake vilichekesha. Mwaka 1973, pamoja na mchoraji Val Mayerik, alimbuni Howard, bata mkorofi mwenye sigara mdomoni. Baadaye aliishitaki kampuni ya Marvel akidai bata huyo ni wake. Mchoraji Jack Kirby alimchorea kitabu bure, ili mauzo yasaidie gharama za kesi.

Mwaka 2007 aligundulika kuwa na ugonjwa unaojaza makovu kwenye mapafu hadi yanakakamaa. Alihitaji kupandikizwa mapafu. Akiwa hospitalini aliendelea kuandika hadithi za shujaa Doctor Fate. Alifariki Las Vegas Februari 10, 2008, akiwa na miaka 60.

Majumbani kwetu mgonjwa huambiwa, "Acha kazi, pumzika." Ni huruma, lakini wakati mwingine humnyang'anya kinachomwamsha asubuhi. Kabla hujamfichia mama cherehani au baba daftari lake, muulize daktari. Kisha muulize mwenyewe.