Mbona kwangu inafanya kazi?

Fundi mmoja alianza kutengeneza programu Ngamiani, Tanga, kwa XAMPP aliyopewa kwenye flashi. Humo mlikuwa na Apache, PHP na MySQL. Ukishaiweka kwenye Windows, kompyuta inajifanya seva. Mkongo wa SEACOM ulishafika Dar es Salaam mwaka 2009, ila bando halikuwa la kuchezea, na programu ziliendelea kupita mkono kwa mkono, virusi vyake vikiwa humo humo.

Lakini seva halisi ya kupandishia kazi ilikuwa Linux, tena ng'ambo. Vituko vikaanzia hapo. Windows haijali kama faili ni Risiti.php au risiti.php, kwa Linux hayo ni mafaili mawili. Mfumo wa duka uliokata risiti bila tabu mezani kwake, ukipandishwa hewani unatoa ukurasa mweupe. Mwenye duka anapiga simu, na jibu la mafundi wa zama zile lilikuwa moja: "Mbona kwangu inafanya kazi, bosi?"

Saa nazo! Seva nyingi hufuata UTC, na Tanzania iko mbele kwa saa 3. Mgeni aliyeandikishwa saa 8 usiku kwenye nyumba ya wageni kule Pangani alisomeka katika ripoti kuwa ameingia siku iliyotangulia. Mhasibu alikuwa na haki ya kugomba.

Ili meza ifanane na seva, programu ya Vagrant ya mwaka 2010 iliingiza Linux nzima ndani ya Windows, lakini mashine moja ilikuwa na mamia ya MB, na kompyuta yenye RAM ya GB 2 ilihema.

Docker, iliyotoka 2013, ndiyo iliyomkaa, na si kwa zile sifa za mikutanoni. Vifurushi vyake, vinavyobeba programu pamoja na mahitaji yake, vimepangwa tabaka kwa tabaka: ukibadilisha msimbo wako tu, tabaka la PHP halishushwi upya. Tena kwa amri ya docker save kifurushi kizima kinakuwa faili moja. Mmoja anakishusha kwa bando la usiku, wenzake wanakipokea kwenye flashi. Toleo la PHP, ambalo zamani kila fundi alilibeba kichwani, sasa limeandikwa kwenye faili la maelekezo, Dockerfile, pamoja na saa ya Africa/Dar_es_Salaam.

Yakabaki malipo ya simu. Kampuni ya simu hutuma taarifa ya malipo kwenye anwani inayofikika mtandaoni, na kompyuta ya mezani Ngamiani haina anwani hiyo. Akaandika programu ndogo inayoigiza kampuni: mara malipo yamekubaliwa, mara salio halitoshi, mara taarifa ileile inaingia mara mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo anayoijaribu kwanza kila mfumo mpya unapokuja.