Safari ya Houston kwa Ajili ya Marehemu Benja



Wapo waliotuuliza kwa nini familia tano za Arlington na Fort Worth zilifunga safari kwenda Houston siku ya Jumamosi, tarehe 21 Mei 2022, ilhali huko hakukuwa na harusi wala matanga. Jibu letu ni kwamba matanga yalikuwapo, ila yalikuwa yamepita mwaka mmoja kabla, tena yalikuwa Kenya, nasi hatukuweza kuyahudhuria. Tulikwenda kumkumbuka Benjamin Ayimba, aliyekuwa mchezaji, nahodha na kocha wa timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba. Wengi wetu tulizoea kumwita Benja, ingawa hatukupata hata siku moja kumpa mkono.

Tuliondoka alfajiri. Barabara namba 20 ilitupeleka mashariki hadi kusini mwa Dallas, kisha tukaishika barabara kuu namba 45, ambayo ndiyo inayoiunganisha miji hii miwili. Kutoka Dallas hadi Houston ni takriban maili 240, yaani kilomita 385, mwendo wa karibu saa nne mtu asiposimama. Kwa wanaoijua Kenya, ni kama kutoka Nairobi hadi Kisumu, na ziada kidogo. Tulipita Ennis, mji unaosifika kwa maua ya buluu yanayochanua mwezi wa Aprili. Tuliyakuta yamekwisha kunyauka. Tulipita Corsicana, tukapita mashamba ya ng'ombe yasiyo na mwisho, watoto wakalala, na wakubwa wakaanza mazungumzo yaliyokuwa mioyoni mwao tangu asubuhi.

Mazungumzo hayo yalikuwa juu ya alfajiri nyingine, ya Jumapili tarehe 17 Aprili 2016. Singapore ilikuwa saa 13 mbele ya Texas, kwa hiyo fainali iliyochezwa huko usiku ilitufikia sisi kabla jua halijapanda. Baadhi yetu walikuwa wametoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, wengine hospitalini, wengine kwenye maghala, wakaja kukaa mbele ya kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya meza ya jikoni huko Arlington. Wenzetu wa Houston walikuwa wamekusanyika vivyo hivyo, na simu iliachwa wazi kati ya nyumba hizo mbili. Kenya, chini ya nahodha Andrew Amonde, ilikutana na Fiji, mabingwa wa mchezo huo. Tulijiandaa kushindwa kwa heshima. Matokeo yakawa 30 kwa 7, na mshindi alikuwa Kenya.

Katika miaka yote ya mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba, Kenya haikuwa imepata kushinda duru hata moja. Kocha wa siku hiyo alikuwa Ayimba. Kelele zilizopigwa katika nyumba ile zilimfanya jirani yetu Mmarekani aje kubisha hodi akidhani tumepatwa na msiba. Tulimkaribisha chai na mahamri, tukamweleza. Hakuelewa mchezo wenyewe, lakini alielewa furaha, akaketi.

Si haki, hata hivyo, kumkumbuka mtu kwa siku moja tu. Kabla ya ukocha, Ayimba alikuwa mshambuliaji wa klabu ya Impala ya Nairobi, mtu wa kimo na kifua, akavaa jezi ya taifa na kuwa nahodha. Alivuka bahari akacheza Uingereza katika klabu ya Cornish Pirates, akaonja kama sisi maisha ya ugenini na baridi yake. Mwezi wa Machi 2009, akiwa kocha, aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la Raga ya Wachezaji Saba huko Dubai, na katika njia hiyo waliiondoa Fiji. Argentina ndiyo iliyowazuia.

Pia hatutaficha upande wa pili. Mwezi wa Agosti 2016 raga ilirudi katika Michezo ya Olimpiki huko Rio de Janeiro baada ya miaka 92, nasi tulitazamia medali. Shujaa, kama timu yetu inavyoitwa, walimaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12. Fiji ileile tuliyoifunga Singapore miezi minne kabla ikatwaa dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi hiyo. Baadhi yetu waliomsifu kocha mwezi wa Aprili ndio waliomlaumu mwezi wa Agosti. Mmoja wetu alikiri hayo ndani ya gari, karibu na Madisonville, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa wengi tulikuwa na kosa lilelile.

Kabla ya kufika Huntsville, mashamba hugeuka kuwa msitu wa misonobari. Ukiupita mji huo, kando ya barabara, limesimama sanamu jeupe la Sam Houston, aliyekuwa rais wa Jamhuri ya Texas, lenye urefu wa futi 67 bila kuhesabu kitako chake. Mzee huyo alifariki na kuzikwa Huntsville mwaka 1863, na sanamu lilikamilishwa mwaka 1994. Watoto waliamka, wakataka kushuka wapige picha. Mtoto mmoja wa miaka tisa, mzaliwa wa Fort Worth, akauliza, "Baba, na huyu Benja mnayemzungumzia, yeye sanamu lake liko wapi?"

Baba yake alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bado, mwanangu. Kwa sasa liko hapa garini."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mwezi wa Mei 2021, habari za kwanza zilizotufikia juu ya Ayimba hazikuwa za kutunzwa. Zilikuwa maombi ya mchango wa matibabu. Alikuwa amelazwa Nairobi kwa malaria iliyompanda kichwani. Wengine wetu tulituma tulichojaliwa. Wengine tulisema tutatuma siku ya mshahara, Ijumaa. Ijumaa hiyo, tarehe 21 Mei 2021, ikaja na taarifa ya kifo chake. Alikuwa na umri wa miaka 44. Hilo ndilo lililotupeleka Houston, ndugu wasomaji. Deni la namna hiyo halilipiki kwa fedha tena.

Tuliingia Houston karibu saa sita mchana, na joto lenye unyevu likatupokea kama la Mombasa. Tulichagua mji huo kwa sababu wenzetu wa ile simu ya mwaka 2016 wako huko, na kwa sababu kusini mwa mji kuna uwanja uliojengwa mahsusi kwa raga, uliofunguliwa mwaka 2019 kwa ajili ya klabu ya Houston SaberCats. Tulipita tukautazama kwa nje, wazee wakavua kofia. Kisha tulikwenda kwenye bustani ya wazi, penye nyasi na kivuli, ambapo kina mama wa Houston walikuwa wamekwisha kuwasha jiko la nyama. Palikuwa na ugali, sukuma wiki na kachumbari. Vijana waliwaamkia wakubwa, majina ya watoto wapya yakatajwa, na sala fupi ikasomwa na Wakristo na Waislamu kwa zamu.

Baada ya chakula, mzee mmoja aliyecheza raga shuleni zamani alitoa mpira wa mviringo wa yai, akawapanga watoto. Watoto wetu wamelelewa na mpira wa Kimarekani, ambao humruhusu mchezaji kuurusha mbele. Walipoambiwa kwamba katika raga mpira wa mkono haurushwi mbele, bali pembeni au nyuma, walipinga kwa sauti moja.

"Sasa tutafikaje mbele?" aliuliza binti mmoja.

"Utakimbia nao mwenyewe," mzee akamjibu. "Ukikamatwa, unampa aliye nyuma yako. Kwa hiyo hakikisha hujamwacha mbali."

Tulisikia wakubwa kadhaa wakilirudia neno hilo polepole. Saa nzima ilipita watoto wakikimbia na kuanguka nyasini, nasi tukawaita kwa majina ya wachezaji wa Singapore: Amonde, Injera, Ambaka. Yule mtoto wa swali la sanamu alifunga trai tatu, akaomba aitwe Benja. Aliitwa hivyo hadi jua lilipoelekea kuzama.

Kabla ya kuagana, muuguzi mmoja wa Houston aliomba dakika chache, na maneno yake tunayaleta hapa kwa faida ya kila familia. Malaria ina dawa, na huua anayecheleweshwa. Sisi tuliokaa huku miaka mingi tumepoteza kinga tuliyokuwa nayo utotoni, na watoto waliozaliwa huku hawakuwahi kuwa nayo. Anayekwenda nyumbani Desemba amwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, apate dawa za kujikinga na azimalize kama alivyoelekezwa. Alale ndani ya chandarua hata kama wenyeji wake watamcheka. Akirudi Texas akashikwa na homa, hata ikiwa ni baada ya wiki nyingi, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme waziwazi, "Nimetoka Afrika," kwa sababu daktari wa hapa huenda asiifikirie malaria asipoambiwa.

Tulirudi usiku. Sanamu la Huntsville lilikuwa limemulikwa, lakini watoto hawakuliona; walikuwa wamelala, miguu ina matope ya Houston. Mwaka huohuo wa 2022 klabu ya Dallas Jackals ilikuwa imeanza kucheza Arlington, katika uwanja uliokuwa wa besiboli, tukafurahi kwamba raga imetufuata nyumbani. Klabu hiyo ilivunjwa mwaka 2024. Tumejifunza kwamba klabu huja na kuondoka, na kwamba nyasi za bustani na mpira mmoja vinatosha kwa kumbukumbu.

Familia zile tano zilikubaliana jambo moja kabla ya kufika Dallas: ombi la mchango wa mgonjwa likitufikia, halitangoji Ijumaa.

Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu Benjamin Ayimba mahali pema. Amina.