Damu Nane

Sema kwenye kikundi chochote cha jogingi hapa Dar es Salaam kwamba una "damu nane", uone. Huyu atakwambia kunywa rozela, yule maini, mwingine bitiruti na maziwa. Wote wana nia njema. Ila ni wachache watakaouliza hiyo damu inakwenda wapi.

Yangu inakwenda kila mwezi. Nina uvimbe kwenye kizazi, na siku zangu zikifika hazina mzaha. Wekundu wa damu, ambao kwa mwanamke asiye na ujauzito hautakiwi kushuka chini ya gramu 12 kwa desilita, kwangu umewahi kufika 8.1. Wekundu huo ndio unaobeba oksijeni. Ukipungua, mkimbiaji anajua kabla ya maabara kumwambia. Daraja la Tanzanite, ambalo wenzangu wanalivuka huku wanapiga soga, kwangu huwa mlima. Moyo unadunda mpaka masikioni, miguu inakuwa kama ya kuazima.

Tiba ipo, ni vidonge vya kuongeza damu. Tatizo ni tumbo langu. Nikimeza, haipiti saa moja nina kichefuchefu na kiungulia, halafu choo kinakuwa kigumu, cheusi kama mkaa. Virutubisho vingine navyo haviniachi salama. Kuna unga wa kuongeza nguvu tuliouziwa kikundini, wenzangu wakausifu; mimi ulinikesha macho hadi alfajiri, mikono ikitetemeka. Basi ikawa hivi: bila vidonge sina pumzi ya kukimbia, na nikivimeza sina tumbo la kukimbilia.

Sisi Watanzania tunapozungumzia mbio na maumivu, tunamkumbuka John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Naipenda sana hadithi hiyo. Lakini kila nikiisimulia moyoni ili inisukume, inanigomea. Jeraha la Akhwari lilionekana, na mbele yake kulikuwa na mstari wa kumalizia. Ugonjwa wa kila mwezi hauna bandeji wala mstari. Ukiukabili kwa kukaza meno, unafika mwezi ujao ukiwa umechoka zaidi, na safari inaanza upya.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja, mama wa makamo. "Mwanangu," aliniambia, "meza leo, kesho pumzika." Akanieleza kwamba ukishameza madini ya chuma, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huufunga mlango wa utumbo kwa takriban siku nzima. Kidonge cha kesho yake kinakuta mlango umebanwa, kwa hiyo sehemu kubwa inabaki tumboni kusumbua. Mazoezi makali nayo huipandisha homoni hiyo kwa saa kadhaa. Tena chai, aliongeza, isikaribiane na kidonge, maana huzuia chuma kuingia. Bora maji ya machungwa.

Nilirudi nyumbani na yale maneno kama mtu aliyepewa shairi. Tumelelewa kwa "mvumilivu hula mbivu", na mimi siku zote nilisikia humo amri ya kuongeza: kilomita zaidi, dozi zaidi. Kumbe mwili una kiasi chake cha kupokea kwa wakati mmoja. Kinachozidi hapo unabebeshwa tu.

Sasa nameza siku moja, naruka moja, asubuhi, kabla ya hatua yoyote ya mbio. Tumbo bado linanung'unika, ila tunasikilizana. Wiki ya hedhi natembea tu, na wenzangu wakiniita, "Twende, shosti, kaza!" nawapungia mkono wapite. Kipimo cha mwisho kilisoma 10.4.

Uvimbe uko palepale, na suala la upasuaji lipo mezani. Hilo vidonge haviwezi kuniamulia. Kuna usiku naliogopa. Lakini jana nilivuka daraja polepole, bila kusimama, na nilipofika upande wa pili nilikuwa bado na pumzi ya kumsalimia muuza madafu.