Karatasi ya Mlangoni

Mwaka wa pili nilipangiwa fildi kwenye shule moja ya kata wilayani Mbulu, upande wa Haydom. Kwa wasiowahi kufika: huko ni juu, asubuhi ni ukungu na baridi ya kweli, na vitunguu saumu tunavyokula hapa chuoni huenda vimetoka huko. Nasoma ualimu, somo langu ni kompyuta, na shuleni ukishasema "kompyuta" umejimaliza. Printa ikigoma unaitwa wewe. Simu ya makamu mkuu ikijaa picha, unaitwa wewe.

Shule ilikuwa imepewa swichi ya poti 24 na ofisi moja ya mjini iliyonunua mpya. Swichi nyingi ndogo hazina habari na anwani za IP, zenyewe zinapitisha data tu. Hii ilikuwa ya daraja la juu: kila poti unaweza kuipa anwani yake, ikasimamia chumba chake kama mtaa unaojitegemea. Kompyuta za chumbani zinaweza kugawiwa anwani zenyewe kwa DHCP, utaratibu uliokuwepo tangu 1993. Lakini poti yenyewe inatakiwa iwe na anwani isiyohama, maana ndiyo mlango wa kutokea wa chumba kizima. Mnakumbuka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, tulivyobandikiwa vibao vya anwani za makazi? Ndiyo hivyo hivyo. Kibao kikihamahama, mgeni hafiki.

Mimi na mwalimu wa kompyuta tulizipanga kwa mkono. Amri nne kwa kila poti, mara 24, mistari 96. Ilituchukua siku mbili, na ya pili yote iliishia kutafuta kwa nini maktaba haitoki nje. Poti ya 17 nilikuwa nimeiandikia 71. Yeye kila tulichoandika alikinakili kwenye kaunta buku, kwa penseli, na mistari kapiga kwa rula. Nilicheka kimoyomoyo.

Usiku ule nikaandika programu kwa Python. Haikufika hata mistari 20. Inahesabu kuanzia 1 hadi 24, na kila namba inaiingiza kwenye anwani: poti ya 1 inapata 192.168.1.1, poti ya 17 inapata 192.168.17.1. Anwani za kundi hilo zilitengwa kwa matumizi ya ndani tangu 1994, kila mtu anazitumia kwake bila kuomba kibali. Mashine haichanganyi 17 na 71. Nilijisikia kama nimeshahitimu.

Sifa zikasafiri. Mkuu wetu alikuwa na rafiki yake, mkuu wa shule moja wilayani Hanang, si mbali na Katesh, naye alikuwa na swichi ya aina ileile. Aliomba kitu kidogo: aongezewe poti mbili za maktaba. Asubuhi ya safari mwalimu wa kompyuta akaniletea waya wa bluu wa konsoli, ule unaochomeka moja kwa moja kwenye swichi bila kupitia mtandao wowote.

"Madam, beba huu."

"Usijali, Mwalimu. Siku hizi tunaingia kwa mtandao."

Hakubishana. Akaurudisha kwenye droo.

Kutoka Haydom kwenda Katesh unapita Basotu, kwenye nyanda za ngano zilizolimwa tangu miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia. Hiyo ni habari ndefu na si yangu. Vumbi lilinijaa mpaka kwenye begi la laptopu. Kisha Mlima Hanang unajitokeza, zaidi ya mita 3,400, na huwezi kuupoteza tena.

Swichi ya pale ilikuwa imeshapangwa na fundi fulani, na ilikuwa inafanya kazi. Hapo ningeongeza poti zangu mbili nikala chakula nikarudi. Lakini anwani zake zilianza na 10.0, tofauti na zetu za Mbulu, nikaona ni uchafu. Hakuna aliyeniomba nizibadilishe. Nilitaka tu shule zote mbili zifanane, ili programu yangu ile moja itoshe.

Tena nilijiona mjanja. Nilijua nikibadilisha poti moja moja nikiwa ndani kwa mtandao, nitafika kwenye poti niliyoingilia nijikate mwenyewe katikati. Kwa hiyo programu ikachukua mipangilio yote iliyokuwepo, ikabadilisha mistari ya anwani za poti tu, ikaihifadhi, kisha ikaiambia swichi ijizime na kuwaka upya. Saa tisa alasiri taa zikarudi kijani, zote. Nikaita 192.168.5.1, ikaitika. Nikataka kuingia, ikakataa. Na intaneti shule nzima haikuwepo.

Mambo mawili hayakuwa kwenye mistari ya poti, ndiyo maana programu haikuyagusa. Rauta ya upande wa pili ilikuwa bado inamtafuta jirani yake wa zamani, 10.0.1.1. Halafu yule fundi alikuwa mtu makini: aliweka sharti kwamba swichi ipokee amri kutoka ofisini tu, kwenye anwani zinazoanza na 10.0.5, ili wanafunzi wasiichezee. Yaani nimebadilisha vibao vya mtaa mzima, mlinzi getini bado ana orodha ya zamani. Nikajaribu kuivika laptopu anwani ya zamani. Swichi haikuwa tena na njia ya kunijibu.

Ofisini mama karani alikuwa anaingiza taarifa za watahiniwa. Mwisho ilikuwa Ijumaa.

"Mwanangu, mtandao umeenda wapi?"

"Unarudi sasa hivi, mama."

Nilimjibu hivyo mara tatu. Jioni alitoa simu yake mwenyewe, yenye bando la kununua mwenyewe, akaanza kuingiza watoto mmoja mmoja kwenye kioo kidogo kilichopasuka. Nikakaa naye namsomea majina na tarehe za kuzaliwa hadi saa nne usiku. Hakunilaumu. Alikuwa anauliza tu, "Hiyo ni herufi gani, L au R?"

Nikampigia mwalimu wa kompyuta. Nilitegemea aseme, "Nilikwambia." Aliuliza, "Vilivyokuwepo mwanzo umeviandika wapi?" Ikabidi niseme ukweli: programu ilihifadhi faili jipya kwa jina lilelile la zamani, ikalifuta. Kimya. "Waya unakuja na gari," akasema.

Jumatano gari halikuja. Alhamisi mchana konda akanikabidhi waya umefungwa kwenye karatasi ya kaunta buku. Kwa konsoli nilikuwa ndani kwa dakika moja. Nikageuza programu irudishe 10.0 kwenye kila poti, kwa hesabu ileile, 1 hadi 24. Intaneti ikarudi, walimu wakapiga makofi. Nikapokea makofi.

Printa haikurudi. Na fomu zilitakiwa zichapwe, zisainiwe, zigongwe muhuri.

Nilihangaika karibu saa nzima, nikizima na kuwasha. Mama karani akaja kusimama nyuma yangu.

"Mwanangu, kwani karatasi ya mlangoni hukuiona?"

Ilikuwa imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati la swichi. Nilikuwa nimeufungua mlango ule labda mara 20. Kalamu ya bluu iliyofifia, mwandiko wa fundi: kila poti, chumba chake, anwani yake. Poti ya 9, printa, 10.0.40.1. Haikufuata mpangilio wa wenzake, na printa yenyewe ilikuwa imepewa anwani ya kudumu upande huo. Hakuna hesabu ya 1 hadi 24 ingeotea hiyo 40. Chini yake, poti ya 12 na ya 13, neno moja: radi. Zilikuwa zimeungua. Ndizo nilizokuwa nimezitenga kwa maktaba.

Poti ya 9 niliandika kwa mkono, tarakimu moja moja, mama karani akinisomea kutoka mlangoni kama nilivyomsomea yeye majina. Printa ikaguna, ikatoa karatasi.

Ijumaa saa kumi jioni alimaliza kutuma. Maktaba nikaipa poti ya 14 na ya 15. Nilikuwa nafunga begi aliponiita tena kwenye kabati, kalamu mkononi. Nikaongeza mistari miwili chini ya neno radi.

"Na tarehe," akasema.

Nikaandika tarehe.

"Na namba yako ya simu."