Tobruk, mji uliopima maji kwa kikombe

Sisi tunaokaa katika nchi ya mito mikubwa na mvua nyingi, ni vigumu kwetu kufikiri nchi isiyo na mti hata mmoja wa kumpa msafiri kivuli. Leo tunawaalika twende pamoja, kwa mawazo, mpaka nchi ya namna hiyo. Ni Tobruk, mji wa bandari mashariki ya Libya, si mbali na mpaka wa Misri. Mji wenyewe si mkubwa, bali ghuba yake ina kina kirefu nayo huwapa merikebu kimbilio jema. Kwa ajili ya ghuba hiyo maelfu ya watu walikufa katika Vita Kuu ya Pili.

Wakati ule Libya ilikuwa koloni ya Italia. Mwezi wa Januari 1941 majeshi ya Uingereza na Australia yaliwanyang'anya Waitalia mji huo. Mwezi wa Aprili akaja Rommel, jemadari wa Wajerumani, akauzingira kwa upande wa nchi kavu. Waaustralia, Waingereza na Wahindi, na baadaye Wapolandi, walikaa ndani ya mazingira hayo karibu miezi minane. Adui alikuwa mbele yao, na nyuma yao ilikuwako bahari tu.

Tazameni sasa siku moja ya askari wa Tobruk. Kabla ya mapambazuko kila mtu alisimama na bunduki yake, kwa maana saa ile ndiyo adui hupenda kushambulia. Jua lilipochomoza, kila mtu alijificha. Ardhi ya pale ni mwamba uliofunikwa na mchanga kidogo. Heri waliopata mashimo ya saruji yaliyojengwa zamani na Waitalia, maana wengine walikwaruza mwamba, wakapanga mawe kuzunguka miili yao, wakalala humo mchana kutwa. Katika sehemu zilizo karibu na adui, aliyeinua kichwa alitafuta kifo chake.

Joto la kiangazi mara nyingi lilifika digrii 40. Nzi walikuwa wengi hata askari alifunika kikombe chake kwa kiganja kati ya funda na funda. Kidonda kidogo mkononi kilikataa kupona majuma mengi. Na ulipovuma upepo wa moto ambao Waarabu wa huko huuita gibli, mchanga ulifunika jua, ukaingia machoni, katika chakula na ndani ya bunduki. Usiku baridi ikaja, na aliyeungua mchana akatafuta koti lake.

Lakini taabu iliyozidi zote ilikuwa maji. Kila mtu alipimiwa sehemu yake ya siku. Mara nyingi haikufika lita 4, na siku nyingine ilikuwa lita 2 na kidogo tu, kwa kunywa, kupika na kunawa. Tena maji yenyewe yalikuwa na chumvi, hata maziwa yakaganda ndani ya chai. Askari alinyoa ndevu kwa maji ya kikombe kimoja. Maji yale hayakumwagwa, yalichujwa yakatiwa katika gari. Nguo zilifuliwa kwa petroli, kwa kuwa petroli ilipatikana kuliko maji. Ili kuchemsha chai walikata debe la petroli, wakalijaza mchanga, wakaumwagia petroli na kuuwasha. Chakula kilikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu kama kigae. Kwa joto lile, mafuta ya nyama yaliyeyuka, ikamiminika kama uji.

Usiku ndio ulikuwa wakati wa kazi. Chakula cha moto kilifika, watu walinyoosha miguu, wengine wakaenda kupeleleza au kutega mabomu ardhini. Merikebu za vita ziliingia gizani, zikashusha risasi na vyakula upesi, zikachukua majeruhi, zikaondoka kabla ya kucha. Katika sehemu moja ambapo mahandaki yalikaribiana sana, pande zote mbili zilizoea kunyamaza kwa muda kila jioni, pasipo mkataba wa maandishi, ili kila mtu apate kula. Kisha walirudia kuuana.

Mwishoni mwa 1941 mji ulifunguliwa. Lakini tarehe 21 Juni 1942 Rommel aliuteka, na watu zaidi ya 30,000 wakawa mateka. Kati yao walikuwamo Waafrika weusi wa Afrika ya Kusini. Zaidi ya 70,000 wa namna yao walijiandikisha katika vita ile, lakini serikali yao iliwakataza kushika bunduki. Waliendesha magari, walibeba majeruhi, walipakua mizigo bandarini. Mmoja wao ni Job Maseko. Wajerumani walimlazimisha kupakua merikebu. Yeye akakusanya baruti ya risasi, akaitia katika kopo la maziwa, akaificha kati ya mapipa ya petroli ndani ya merikebu moja, akawasha utambi mrefu, akatoka. Merikebu ikazama. Baadaye alitoroka, akavuka jangwa kwa miguu mpaka kwa wenzake huko Misri. Alipewa nishani ya ushujaa, lakini alikufa maskini mwaka 1952.

Nasi Wakongo si wageni wa habari hizi. Askari wa Force Publique, baada ya kuwashinda Waitalia huko Abisinia mwaka 1941, walipelekwa Nigeria, na mwaka 1943 wakafika Misri. Wazee wetu nao walikaa katika makambi ya nchi za mchanga, mbali na muhogo na mvua ya kwao. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Ugomvi ulianza Ulaya, nao watu wa Afrika wakaulipia jasho na damu.

Leo Tobruk ina makaburi ya askari wa pande zote mbili. Katika ukumbusho wa Wajerumani peke yake wamelala zaidi ya 6,000. Vijana, shuleni mnajifunza majina ya majemadari, na ni vema. Lakini msomapo habari za vita, ulizeni pia ni nani aliyechimba shimo, ni nani aliyebeba majeruhi, na ni nani aliyeleta maji. Pasipo hao, jemadari asingalimaliza siku tatu jangwani.