Samani za Maktaba na Mafundi wa Ngamiani

Pale Segera basi linaiacha barabara ya Moshi na kukata kulia kwenda pwani, na ndipo nilipoanza kuamini kwamba kweli naenda Tanga. Mashamba ya mkonge yakaanza, mistari mirefu ya majani yaliyochongoka, kisha Muheza na machungwa yake yanayopandishwa madirishani kabla gari halijasimama sawasawa. Nilikuwa sijawahi kufika. Kwa mtu anayejiita mchoraji wa samani hiyo ni aibu kidogo, maana pwani hii ilikuwa ikichonga mbao kwa ustadi tangu kabla Morogoro kwetu hakujajengwa reli.

Kilichonileta ni kazi. Shule moja ya msingi ya Morogoro ilikuwa imepata chumba cha maktaba, na mwalimu mkuu alinipa sharti moja tu: kisifanane na ofisi. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Ingia maktaba yoyote, iwe ya mkoa au ya chuo, na utakuta rafu za chuma za rangi ya kijivu, meza ndefu na viti vilivyopangwa kama vya chumba cha mtihani. Sura hiyo ina historia. Mwaka 1876 Melvil Dewey, yule yule wa namba za vitabu, alishiriki kuanzisha huko Boston kampuni ya kuuzia maktaba vifaa: kadi, makabati ya kadi, rafu, meza, vyote kwa vipimo vya aina moja. Lilikuwa jambo la maana sana kwa kazi ya ukutubi. Lakini sura ya chumba nayo ikasafiri pamoja na kadi, ikafika mpaka nchi ambazo watu wake walikuwa na namna zao za kukaa na kusoma.

Huku kwetu huduma ya maktaba kwa umma ilipata sheria yake mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Tanga lakini ilitangulia. Jengo la maktaba yake lilisimama miaka ya 1950, enzi za Gavana Twining, likapewa jina la Mfalme George wa Sita aliyefariki mwaka 1952. Nilikwenda kulitazama kabla hata ya kutafuta chai. Jina ni la Kiingereza kabisa, ila aliyelichora alijua yuko wapi: kuna ua wa ndani na matao, na kivuli ambacho mtu wa Unguja au Mombasa hatakiona kigeni. Mji wenyewe ulistahili. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa Tanga wakati wa Wajerumani, tangu miaka ya mwanzo ya 1900, na likisomwa na watu waliojua Kiswahili kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kilatini.

Nilichokaa kukitazama ni wasomaji. Wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari, na mbele yao palikuwa na madaftari yao wenyewe. Hawakuja kuazima kitabu, walikuja kujisomea. Nyumbani pana kelele, taa ni moja, na meza ni ya kulia chakula. Mkutubi yeyote wa Tanzania anaijua hali hii, na wengine huinung'unikia. Mimi naona inafaa kuchorewa. Kama mtu amekuja kwa ajili ya meza, basi meza ndiyo maktaba kwake, na kiti kinachomchoma mgongo baada ya nusu saa kimemfukuza bila kusema neno.

Kesho yake nikaingia Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee mwenye karakana chini ya paa la bati, maranda yamejaa mpaka kwenye fundo la mguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka bara?"

Nikamweleza shida yangu. Hakujibu. Alinyanyuka, akapapasa juu ya kabati, akashusha marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu ambacho kila mtoto wa chuoni amekiinamia. Nilikuwa nimeviona vingi, sikuwahi kukaa na kimoja mkononi nikakipekua. Ni ubao mmoja. Msumeno unaingia kwa upana wake kutoka upande huu, mwingine kutoka upande ule, unaupasua unene wa ubao kama anayefungua mkate, lakini yote miwili inaishia kabla ya katikati. Pale katikati patasi ndiyo inayofanya kazi: vidole vya mti vinakatwa vipishane, hiki cha huku, kile cha kule, mpaka ubao unakubali kufunguka na kusimama kwa miguu minne. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna bawaba ya chuma ya kushika kutu. Ukikosea kidole kimoja umeharibu ubao mzima.

"Hiki," akasema, "ndicho kiti cha kitabu. Nyie mwatengeneza viti vya watu tu."

Nililibeba neno hilo siku zote nilizokuwa Tanga. Maktaba zetu hazina mahali pa kukaa kitabu kikiwa kinasomwa. Kinalazwa mezani, shingo ya mtoto inakunjwa kukifuata. Marufaa imeumaliza mjadala huo zamani, tena kwa msomaji aliyekaa mkekani. Na mkeka si samani ya kudharauliwa. Huko Garissa, Kenya, ngamia wamekuwa wakipeleka vitabu kwa wafugaji. Mkeka ukitandikwa chini ya mti, maktaba imefunguliwa.

Pangani nilikwenda kutazama milango, kama kila mgeni. Njiani ni Machui, kwao mwandishi Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuzikwa huko mwaka 1962. Huyu naye miaka yake mingi ilikuwa ya meza za serikali: karani wa forodha hapo Pangani, baadaye ofisi za Tanga. Mtu anaweza kujiuliza ni kiti cha namna gani kilichovumilia kazi zote zile.

Milango ya Pangani ni mizuri, sibishi. Lakini nina ugomvi na nakshi. Siku hizi kila anayetaka kitu chake kionekane cha pwani hubandika nakshi: hoteli, benki, hata kaunta ya duka la simu. Kwenye maktaba ua lililochongwa hukusanya vumbi, na vumbi ni adui wa kitabu. Macho yangu yalikwenda chini ya milango ile, kwenye baraza. Benchi la mawe lililoshikana na ukuta, urefu wa kukaa mtu na mwenziwe, mgongo umepata pa kuegemea, barabara iko mbele. Watu wawili walikuwa wakisoma gazeti moja. Nikatoa daftari nikachora baraza ya mbao inayozunguka chumba kizima, chini yake vitabu vya watoto, upana wa kutosha ili wawili wasome kitabu kimoja. Shule nyingi zina nakala moja kwa watoto wengi, kwa hiyo kiti cha peke yako ni anasa tusiyoihitaji.

Wafini walifikiri hivyo hivyo kwa namna yao. Alvar Aalto alipojenga maktaba ya mji wa Viipuri, iliyofunguliwa mwaka 1935, aliiwekea vigoda vya miguu mitatu, miguu iliyokunjwa kwa mti wa kwao, vinavyobebana kimoja juu ya kingine. Mji ule leo uko Urusi, na kigoda kile kinauzwa dunia nzima. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Bibi zetu jikoni walilijua hilo bila kuchorewa.

Nasi mti wetu tunao. Chini ya milima ya Amani, upande wa Muheza, kuna shamba la serikali la Longuza, mitiki imesimama kama askari wa gwaride. Mtiki una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, unyevu wa pwani hauuvimbishi kama zile mbao za unga wa kugandamizwa zinazoletwa zikiwa zimekwisha kupakwa rangi. Na mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukawa uchumi wa mkoa mzima. Kamba yake imewamba vitanda vya pwani kwa vizazi. Nikataka iwambe viti.

Fundi wangu alicheka nilipomwonyesha mchoro wa kiti chenye mifumbati na kamba kama kitanda. "Mtoto akikaa saa nzima atanyanyuka na alama mapajani. Kamba iwe nyembamba, iloweshwe kwanza, iwambwe mbichi ikauke yenyewe. Na wale wa baraza wape ubao mtupu, hawakai sana." Tena kuna la nguo kunasa kwenye nyuzi: mimi sikulifikiria, yeye alilitaja kabla sijafungua mdomo. Kuhusu bei tulivutana mpaka adhuhuri, nikalipa nusu. Nakshi alikubali kuiacha, isipokuwa ukingo mmoja mwembamba juu ya rafu, mahali ambapo mikono haifiki, na hapo sikumbishia.

Likabaki la kimo. Nilikuwa na vipimo vyangu vya kitabuni. Akavitupia jicho akavirudisha. Yeye hupima kwa shibiri, kisha anahakikisha kwa futi.

"Kitabu chako kimeandikwa kwa watoto gani?" akauliza. "Nitumie urefu wa goti. La darasa la pili, na la darasa la saba."

Nikampigia mwalimu mkuu palepale karakanani. Akasema nisikate simu, akaingia darasa la pili na rula.