Vumbi Twaliona, Hewa Je?

Kabla hujachanga fedha ya kununulia kompyuta, iwe ya shule, ya chama cha ushirika au ya mwanao, uliza swali moja: itakaa wapi? Watu huuliza bei, huuliza na umeme. Hewa ya chumba haiulizwi na mtu, nayo yaweza kuua mtambo mzima.

Mimi ni karani wa parokia. Chuoni nilijifunza ualimu, wala si ufundi wa umeme; ila ofisi yetu yatazama barabara ya vumbi, na humo ndani ya mashine nimenakili majina ya vitabu vya ubatizo na ndoa, kazi ya jioni nyingi. Mwaka juzi ikaanza kuwa nzito. Asubuhi nzima, adhuhuri yazimika yenyewe. Fundi alipoifungua tulikuta vumbi limetanda kama blanketi juu ya zile mbavu za chuma zinazopozwa na feni. Joto halikuwa na pa kutokea, na mashine hujizima isije ikaungua. Akaisafisha nje kwa brashi laini na pampu ya baiskeli, ikapona siku ileile.

Vumbi lina ubaya mwingine wakati wa masika. Ndani yake mna chumvichumvi, nayo hunyonya unyevu, kama chumvi ya jikoni inavyolowa mvua zikizidi. Vumbi lililolowa hupitisha umeme mahali pasipotakiwa, na hapo ndipo shoti. Basi mtambo uliovumilia kiangazi chote wafa wiki ya kwanza ya mvua, nasi twasingizia radi. (Radi nayo ina makosa yake, sikatai.)

Hata hivyo, vumbi laonekana, na lafutika. Sasa mwulize mtunza sakristia kwa nini kalisi ya fedha hugeuka nyeusi ingawa imefungiwa kabatini. Hewani mna gesi yenye salfa, ile inukayo kama yai viza, itokayo chooni na kwenye matope ya kinamasi. Gesi hiyo huila fedha, na shaba pia. Ndani ya kompyuta njia za umeme ni za shaba, nyembamba sana, na pengine zimepakwa fedha. Kalisi husuguliwa kwa kitambaa. Ndani ya kompyuta atasugua nani?

Tangu Julai 2006 Ulaya ilikataza risasi katika vifaa vingi vya umeme, maana ni sumu. Viwanda vikaacha kupaka njia zile lehemu yenye risasi, na vingine vikapaka fedha. Katazo ni la haki, lakini fedha ndiyo chakula cha gesi hii. Ukoko mweusi huota, ukatambaa, ukaunganisha njia mbili zisizopasa kugusana. Kompyuta zilikufa mapema hata katika karakana ambamo mifano ya magari hufinyangwa kwa udongo uliochanganywa na salfa. Mwaka 2011 wataalamu wa ASHRAE wa Marekani walishauri kwamba ukoko juu ya fedha usizidi nanomita 20 kwa mwezi, na juu ya shaba usizidi 30. Nanomita milioni moja ndiyo milimita moja!

Nayasema haya kwa kuwa wazee wa halmashauri wataka kuhamishia ofisi chumba cha nyuma. Ni kipana, kina kivuli, hakina vumbi la malori. Lakini kinapakana na choo cha shimo. Mzee mmoja, ambaye kwa ukoo ni baba yangu mdogo, alinicheka: "Mtambo gani huo unaochagua hewa kuliko binadamu?" Nikamjibu, "Baba, mimi nikikereka nitatoka nje. Wenyewe hautoki."

Vitabu vya karatasi sitaviondoa kabatini, hata mashine ikae wapi. Na mwezi uliopita nilisugua vipande viwili vya waya wa shaba hadi vikang'aa, nikaning'iniza kimoja ofisini, kingine chumba cha nyuma. Cha ofisini kina vumbi, lakini ukikifuta bado ni chekundu. Kile cha pili kimefifia, kimekuwa cheusicheusi, na kitambaa hakikiondolei weusi. Kikao ni Jumapili ijayo. Nitakwenda navyo vyote viwili, wazee wavitazame juani.